Alama inayowaka kwenye darubini ya bunduki: ina faida usiku?

Ndugu mkulima, wanyama wakiingia shambani au zizini usiku, utasikia watu wakizisifu darubini za bunduki zenye alama nyekundu inayowaka. Je, ni ya lazima? Tuanzie nyuma.

Mwaka 1945, kule Okinawa, askari wa Marekani walitumia bunduki zenye taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Betri yake nzito ilibebwa mgongoni. Miaka ya 1960, katika vita vya Vietnam, ikaja darubini inayokuza mwanga wa nyota, bila taa. Leo wakulima wa Texas hutumia vifaa vya ukoo huo kuwinda nguruwe waharibifu.

Alama inayowaka husaidia zaidi macho matupu: magharibi, mistari myeusi hupotea kwenye mwili mweusi wa mnyama. Kifaa kikishakuza mwanga, mara nyingi mistari hiyo huonekana yenyewe. Alama ikiwaka sana, humficha mnyama. Ikibidi, iwe hafifu kabisa.

Kwako wewe, sheria kwanza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977; Tanzania huwindi bila kibali. Mwite ofisa wa wanyamapori.

Kwa zizi, mfano upo jirani: Richard Turere wa Kitengela, Kenya, akiwa bado mtoto, alizungushia zizi taa zinazowaka kwa zamu, kwa betri ya gari na sola. Simba wakadhani mtu anatembea na tochi, wakakaa mbali. Hapo ndipo ningeanza kuweka fedha.