Sanduku Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda changu hapa Embu kuna sanduku la bati lenye vitabu 19 vya chuo. Niliacha masomo mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani. Kila nikisema nitaviuza, mama hunikatiza: "Wacha hapo. Utavihitaji ukirudi." Huu ni mwaka wa nne sasa.

Juzi nilikuwa Meru, pale Makutano, kwa kibanda cha vitabu vya mtumba. Katikati ya rundo la vitabu vya 8-4-4 nikaona The Living History of Embu and Mbeere cha H.S.K. Mwaniki, cha 1973. Nikakichukua kwa sh150. Ukurasa wa kwanza una majina manne, kila moja na wino wake, na matatu yamekatwa kwa mstari. Yaani watu wanne walikuwa nacho, wakakiachilia, ndiyo kikanifikia mimi.

Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere kuhusu maisha ya kabla ya 1906, mwaka ambao Waingereza waliivamia Embu. Mahojiano hayo nayo yalichapishwa 1974, katika Embu Historical Texts. Si unajua vile wazee hufa na habari zao? Hawa walizitoa kabla ya kuondoka.

Kitabu kilichapishwa na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa 1948. Wakati huo Maktaba ya McMillan kule Nairobi, iliyofunguliwa 1931, bado ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika angesoma wapi? Bureau ilikuwa na maktaba za masanduku: vitabu vinapakiwa, vinatumwa shuleni na kwa vilabu, na msomaji aliye mbali anaazima kwa posta. Ukimaliza unarudisha, mwingine anapata. Baadaye sheria ya 1965 ikaunda bodi ya maktaba ya taifa, na leo Embu na Meru kila mji una maktaba yake.

Niliposoma hayo nikaangalia chini ya kitanda. Masanduku yao yalisafiri. Langu lilikuwa limelala miaka minne, likilinda mwanafunzi ambaye si mimi tena.

Jumapili nikamwambia mama kwamba nikirudi chuoni, vitabu nitaazima. Alinyamaza kidogo. Kisha akaleta kitambaa, tukaketi sakafuni tukipanguza vumbi, kimoja baada ya kingine. Vimeenda vyote kwa binti wa jirani aliyeanza mwaka wa kwanza. Mama ndiye aliyembebea sanduku hadi mlangoni.

Cha Mwaniki bado nakisoma. Nimeandika jina langu chini ya yale manne. Nikimaliza nitalikata, halafu nitakirudisha Makutano.