Taa ya Nchelenge na Ushahidi wa Maabara

Katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, huko Nchelenge nchini Zambia, jua likizama wavuvi huingia majini na taa zao kuvua dagaa waitwao chisense. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi zimo pia za betri na za nguvu za jua. Mvuvi hahitaji hotuba ya mchuuzi. Taa iliyosifiwa kwamba itawaka hadi alfajiri, ikizimika usiku wa manane, imekwisha kujihukumu yenyewe.

Lakini si kila dai hupimwa kwa wepesi huo. Historia ya Kenya yatoa fundisho. Katika miaka ya 1990 maelfu ya nyumba za vijijini zilinunua vibamba vidogo vya umeme wa jua, vingi vikiwa vya wati 12 tu, vilivyotengenezwa kwa silikoni isiyo na umbo la fuwele. Bei ilikuwa nafuu, lakini mabishano yalikuwa makali: wengine walivilaani vyote kuwa ulaghai, wengine wakavitetea vyote. Ugumu ulizidi kwa sababu vibamba vya aina hiyo hupoteza sehemu ya nguvu zake katika miezi ya kwanza juani. Kipimo cha siku ya kununua, basi, chaweza kudanganya.

Mwaka 1999 watafiti wasiokuwa na duka wala kiwanda walipima vibamba vilivyokwisha kutumika majumbani. Matokeo hayakuiridhisha kikamilifu pande yoyote: aina nyingine zilifanya kazi vizuri, bali aina moja ilitoa nguvu pungufu sana kuliko ilivyoandikwa. Hivyo kipimo kiliwasafisha wasio na hatia na kumfichua mkosaji. Miaka michache baadaye upimaji ulirudiwa, na aina nyingine dhaifu zikagunduliwa sokoni. Upimaji ni lindo, si gwaride la siku moja.

Kwa askari, gharama ya dai lisilopimwa ni damu. Nchini Iraq vituo vya ukaguzi vilipewa kifaa kiitwacho ADE 651, kilichodaiwa kunusa mabomu kutoka mbali. Hakikuwa na betri. Ilisemekana kilipata nguvu kutokana na umeme tuli wa mwili wa mwenye kukishika. Tarehe 25 Oktoba 2009 magari yaliyosheheni baruti yalilipuka katikati ya Baghdad, na watu zaidi ya 150 wakauawa. Januari 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichunguza kadi iliyodaiwa kukiongoza kifaa hicho. Ndani yake walikuta kibandiko tu, cha aina itumiwayo madukani kuzuia wizi. Uingereza ikapiga marufuku kukiuza Iraq na Afghanistan. Muuzaji, James McCormick, alihukumiwa London mwezi Mei 2013 kifungo cha miaka 10.

Je, askari waliokiamini walikuwa waongo? La. Nchini Thailand wapo wanajeshi walioapa kwamba kifaa cha jamii hiyo, GT200, kiliwasaidia. Februari 2010 kilijaribiwa: baruti ilifichwa katika sanduku moja kati ya manne, na mshika kifaa hakuambiwa ni lipi. Katika majaribio 20 alipatia mara 4. Mwenye kubahatisha kwa macho yaliyofumbwa angetarajia kupatia mara 5. Mkono wa mtu mwaminifu huweza kuuelekeza waya kule akili inakotazamia, naye asijue.

Kutokana na hayo, masharti ya upimaji wa haki yako wazi. Mpimaji asiwe na fungu katika mauzo. Kifaa kitolewe ghalani au dukani, kisichaguliwe na muuzaji. Anayekitumia asijue jibu mapema. Matokeo yatangazwe, yawe ya sifa au ya aibu.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usiku, mtumbwi utokao ng'ambo ya Kongo unapofika ufukweni Nchelenge na magunia ya samaki, askari wa zamu huyategemea macho yake, mikono yake na chombo alichokabidhiwa. Akiomba chombo hicho kithibitishwe kabla ya kukitegemea, hajavunja nidhamu. Ametimiza sehemu ya ulinzi.