Karatasi ya Princeton na Barua ya Meneja

Vijana wanaokuja kwangu Sinza kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya MBA, huanza na alama. Ngapi zinatosha? Chuo gani kinataka ngapi? Mimi huanza na mtihani wenyewe ulikotoka, na wengine hukunja uso, maana wamelipia hesabu, historia hawakuiagiza. Nawavumilia, nao wananivumilia.

Marekani ilifundisha biashara kwa miongo mingi bila mtihani huu. Wharton ilifunguliwa 1881. Tuck, katika chuo cha Dartmouth, ilianza 1900 na kuwa ya kwanza kufundisha biashara kwa ngazi ya uzamili. Harvard ikafuata 1908 na wanafunzi 80, ikaanzisha shahada ambayo leo kila mtu anaiita MBA. Wakati huo aliyekuwa na shahada ya kwanza, ada mkononi na mtu wa kumtambulisha, mlango haukumsumbua sana. Kilichobadilisha mambo ni vita. Sheria ya 1944 iliwalipia masomo askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili, na vyuo vikafurika. Maombi yalitoka kila jimbo, kila chuo na namna yake ya kutoa alama, na wasajili hawakuwa na namna ya kumlinganisha wa chuo hiki na wa kile.

Mwaka 1953 vyuo tisa, Harvard, Columbia na Chicago vikiwamo, vilikaa na ETS, taasisi ya mitihani ya Princeton, New Jersey, vikakubaliana kuwa na karatasi moja. Ilifanywa mara ya kwanza Februari 1954. Jina lake la mwanzo lilikuwa refu la kuchosha; GMAT limekuja 1976. Na mwaka huohuo wa 1953, huku kwetu, Waingereza walifungua shule ya serikali za mitaa Mzumbe, kuwafunza machifu na makarani wao. Shule hiyo ndiyo Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho leo kinatoa MBA.

Karatasi ile ilikuwa na falsafa yake, na inaonekana vizuri zaidi kwenye aina moja ya swali ambayo wanafunzi wangu huichukia. Huulizwi jibu. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Mfano niliouandika ubaoni wiki iliyopita: muuzaji aliuza machungwa ya shilingi 200 na maembe ya shilingi 500. Je, aliuza maembe mangapi? Taarifa ya kwanza: alipata shilingi 900. Taarifa ya pili: aliuza matunda matatu.

"Ticha, hapo mpaka uwe nazo zote mbili," akasema binti mmoja wa benki, bila hata kushika kalamu.

Ndivyo wanavyosema karibu wote. Lakini embe haliuzwi nusu. Shilingi 900 zina njia moja tu ya kupatikana: embe moja na machungwa mawili. Taarifa ya kwanza inajitosheleza, ya pili peke yake haikufikishi popote. Aliyetunga swali la namna hii anamtafuta meneja anayejua lini aache kuomba ripoti nyingine na kuamua. Nakiri ni swali zuri. Ila ni meneja wa kwenye karatasi.

Sisi tuliwahi kujaribu njia nyingine kabisa. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita akaenda moja kwa moja chuo kikuu. Baada ya JKT, afanye kazi kwanza miaka isiyopungua miwili, kisha apate barua ya mwajiri na ya chama. Baba yangu mdogo alimaliza kidato cha sita 1975, akaenda jeshini, kisha akawa karani wa ghala la pamba Usukumani. Alipoanza kazi chama kilikuwa TANU. Alipokwenda kuomba barua kilikuwa CCM. Tawi lilimwandikia bila taabu. Meneja wake aliandika kwamba kijana ni hodari wa vitabu vya hesabu lakini ni mjuaji. Neno moja hilo lilimbakiza ghalani mpaka meneja alipohamishwa.

Alipofika chuo kikuu, pale Mlimani, Dar, Kitivo cha Biashara na Uongozi kilikuwa ndiyo kwanza kimeanzishwa, 1979. Mpaka leo anasema hajaona tena darasa kama lile. Mhadhiri akizungumzia mali inayoharibika stoo, kuna mtu nyuma aliyeiandikia taarifa ya upotevu kwa mkono wake. Harvard ilikuwa ikitafuta mazungumzo hayohayo tangu miaka ya 1920, kwa kuwapa wanafunzi visa vya makampuni wavijadili.

Kwa hiyo simcheki mtu wa Musoma, wala simwabudu wa Princeton. Sharti la Musoma lilipunguza wasichana chuoni hata serikali ikalazimika kuwaondolea mapema, na miaka ya 1980 likaachwa kwa wote. Karatasi nayo, pamoja na sifa zake za kutojua sura ya mtu, haikumfungulia mwanamke: ilikuwapo tangu 1954, lakini Harvard iliwapokea wanawake kuanza mwaka wa kwanza wa MBA ya miaka miwili 1963. Na vyuo vikubwa vya nje, baada ya alama zote hizo, leo vinataka pia miaka kadhaa ya kazi na barua za wakubwa wako. Musoma imerudi kwa mlango wa nyuma, na ada ya dola.

Mtihani wenyewe umebadilika. Mwaka 1997 penseli zilikoma, kompyuta ikawa inakuongezea ugumu kadiri unavyopatia. Toleo la 2023 lina maswali 64 kwa saa mbili na robo, na insha imeondolewa. Ukiona desa lina kurasa za kusahihisha sarufi au za jometri, hilo ni la zamani; usilipigie msuli.

Kuhusu chuo, nina maoni yangu. Vyuo vyetu vingi huangalia GPA ya shahada ya kwanza, havihitaji GMAT, na mtu anayetaka kupanda cheo hapahapa Dar MBA ya jioni inamtosha. INSEAD ya Ufaransa humaliza kwa takriban mwaka mmoja, Wamarekani wengi ni miwili, na mwaka huo wa ziada ni mshahara usioupata. Uliza darasani watakaa akina nani, kabla ya kuuliza chuo kimeshika nafasi ya ngapi. Na usikimbilie kulipia mtihani kabla hujajua unaomba wapi: ada yake inazidi dola 250, na alama hudumu miaka mitano tu.