Kwa nini kiwiliwili cha bunduki hakipelekwi kwa fundi wa jua kali

MAFUNDI wa chuma wa Kariobangi Light Industries, Kamukunji na Gikomba, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hawashindwi na kazi kwa urahisi. Bloku ya injini iliyopasuka huchomelewa ikarudi barabarani. Kichwa cha silinda kilichopinda husawazishwa. Ekseli iliyolika hujazwa chuma, kisha ikakerezwa upya. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo kwa macho inafanana na hizo, lakini sheria ya nchi na tabia ya chuma chenyewe vinaikataza: kutengeneza kiwiliwili cha bunduki kilichoharibika.

Kazi ya kiwiliwili

Kiwiliwili ni sehemu ya katikati ya bunduki, ile inayounganisha mtutu, komeo, kifyatulio na kitako. Komeo ndilo huziba nyuma ya risasi iliyo tayari kufyatuliwa. Baruti inapowaka, gesi yake husukuma risasi mbele na wakati huo huo husukuma ganda nyuma. Katika bunduki nyingi, kinachozuia komeo lisimrukie mpigaji usoni ni kingo chache za chuma zilizochongwa ndani ya kiwiliwili.

Nguvu hiyo si haba. Katika bunduki aina ya Lee-Enfield ya .303, iliyobebwa na askari wa King's African Rifles enzi ya ukoloni, shinikizo la gesi hupita mara 3,000 ya lile la hewa ya kawaida. Gurudumu la gari dogo hujazwa hewa ya takriban mara mbili au tatu tu.

Ili kustahimili kishindo hicho, kiwiliwili huimarishwa kiwandani kwa moto: chuma hupashwa hadi kiwango maalumu cha joto, kisha hupozwa kwa utaratibu uliopimwa. Anayekichomelea baadaye hukirudisha motoni bila kipimo. Mahali penye mshono huweza kuwa pagumu na pepesi kuvunjika kama kigae, na kando yake pakalegea. Kwa kutazama tu, jicho haliwezi kuona tofauti hiyo ya ugumu.

Funzo kutoka Marekani

Jeshi la Marekani lilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka wa 1917, baadhi ya viwiliwili vya bunduki zake za Springfield M1903 vilipasuka vipande vipande wakati wa kupiga. Uchunguzi ulionyesha kuwa wahunzi wenye uzoefu wa miaka mingi walikuwa wakikadiria joto kwa kutazama rangi ya chuma kilichoiva. Siku ya jua kali chuma kilionekana hafifu kuliko kilivyokuwa, nao wakakipasha kupita kiasi. Tofauti ilifika nyuzi 165 za Selsiasi ikilinganishwa na siku ya mawingu.

Vipimo vya joto vilipowekwa viwandani, kasoro hiyo ilitoweka. Lakini viwiliwili vilivyokuwa vimetengenezwa kabla ya hapo, zaidi ya milioni moja, viliingia katika orodha ya kutiliwa shaka. Jaribio la kuviimarisha upya halikuleta matokeo ya kuaminika. Wahunzi wale hawakuwa wazembe wala wanagenzi. Walikosa kipimo tu.

Nairobi nayo ina kumbukumbu yake. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliokosa silaha walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Baadhi ziliwalipukia wenyewe mikononi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka wa 1954. Inakataza mtu yeyote kufanya biashara ya kuunda, kuuza au kutengeneza bunduki bila kusajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha. Aidha, katika sheria hiyo neno bunduki hujumuisha sehemu zake. Fundi anayepokea kiwiliwili kitupu, bila mtutu wala kitako, hawezi kujitetea kwamba alipewa kipande cha chuma tu.

Kiwiliwili kina uzito wa pekee pia katika kufuatilia silaha. Mwafaka wa Umoja wa Mataifa kuhusu ufuatiliaji wa silaha ndogo, uliopitishwa Desemba 2005, unataka alama ya utambulisho iwekwe kwenye sehemu ya msingi kama kiwiliwili. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, nayo inazitaka serikali kuweka alama kwenye silaha. Kwa hiyo, tupa ikipita juu ya nambari, bunduki hupoteza jina lake, na mpelelezi hupoteza njia ya kumfikia aliyeitumia.

Kinachoweza kuokolewa

Fundi wa silaha aliyesajiliwa huanza kwa kukagua. Hupaka rangi maalumu inayopenya na kufichua nyufa, hupima ugumu wa chuma, na hupima nafasi iliyopo kati ya komeo na risasi. Kutu ya juu juu au tundu la skrubu lililolika huweza kurekebishwa. Ufa kwenye kingo zinazozuia komeo, uvimbe, au dalili kwamba bunduki iliungua pamoja na nyumba humaanisha kuwa kiwiliwili kimekwisha kazi. Hapo mwenye leseni hupaswa kukirejesha kwa mamlaka ili kiharibiwe.

Moto huo huo ndio serikali hutumia kumaliza silaha haramu. Novemba 2016, bunduki zaidi ya 5,000 zilichomwa hadharani huko Ngong. Hata zile ambazo umbo lake lilibaki ndani ya jivu zilikuwa zimepoteza uimara wa chuma chake.

Ustadi wa chuma haujafungiwa mlango nchini. Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki cha serikali huko Ruiru, ambako kazi ya aina hii hufanywa chini ya sheria. Ama kwa fundi wa Eastlands anayeletewa kiwiliwili kimefungwa ndani ya gunia, jibu lililo salama ni moja: asikiweke kwenye mashine, na taarifa ifike kituo cha polisi. Malipo ya kazi ya jioni moja hayawezi kulingana na miaka ya kifungo, wala na uso wa mtu atakayekivuta kifyatulio.