Mashimo ya Mathare, Matao ya Nairobi

Ukiteremka kutoka Juja Road kuingia bonde la Mathare, utafika kijiji kiitwacho Mashimoni. Jina hilo lina sababu. Miongo ya kwanza ya ukoloni, bonde hili lilikuwa timbo, na waashi Wahindi walichimba humo mawe ya kujengea Nairobi. Ni jiwe la volkeno, la kijivu, linalokubali nyundo na patasi.

Naanzia shimoni kwa sababu wanaosimulia mtindo wa ujenzi wa Gothiki wa mji huu huanzia mnarani.

Anayeitafuta Gothiki hiyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi ataondoka mikono mitupu. Chuo hicho kilianza kama Royal Technical College, kilichofunguliwa 1956, na kufikia hapo wasanifu walishahamia saruji na mistari iliyonyooka. Mwendo mfupi kutoka chuoni, kando ya Uhuru Park, ndipo lilipo Kanisa Kuu la All Saints. Mchoro wake wa Gothiki ni wa Temple Moore, Mwingereza aliyefunzwa kazi na George Gilbert Scott mdogo. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Moore akafa 1920. Jengo lenyewe lilikamilika 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau.

Kwa hiyo mtindo huu uliingia Nairobi ukiwa mkongwe. Ulizaliwa Ufaransa karne ya 12. Waingereza wakaufufua, hata Bunge lao la Westminster, lililoungua 1834, likajengwa upya kwa sura hiyo. Walowezi waliubeba kama mtu ahamaye na kabati la nyanyake.

Ufundi wake, hata hivyo, si wa kubezwa. Tao la duara husukuma kuta kwa nje. Likichongoka, uzito mwingi zaidi hushuka moja kwa moja kwenye nguzo, na ukuta unaweza kutobolewa dirisha refu. Ulaya ya kaskazini, yenye mawingu, ilihitaji hila hiyo ili ipate mwanga. Hapa karibu na Ikweta, sijui nani aliwahi kulilia jua.

Siku za hali ya hatari nyumba za Mathare zilibomolewa na wakazi wakafukuzwa. Waliporudi walijenga kwa udongo, mbao na mabati, katika bonde lile lile lililotoa mawe.

Kanisa nalo lilipata wenyeji ambao waliolijenga hawakuwatarajia. Machi 1992, polisi waliwapiga na kuwatawanya akina mama waliokuwa wamegoma kula Uhuru Park, wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Wakahamia All Saints, chini ya sakafu ya kanisa, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Julai 7, 1997, polisi waliingia humo na gesi ya machozi, wakawapiga waandamanaji waliokimbilia ndani.