Hewa ya Kilimatinde nayo ina maji

KILIMATINDE, wilayani Manyoni mkoani Singida, ni mahali pakavu, na si rahisi kumshawishi mkazi wake kwamba hewa ya kiangazi ina maji. Lakini kompresa inapoigandamiza hewa hiyo hadi bari 7, ujazo wake hupungua hadi karibu sehemu ya nane, na mvuke uliokuwamo hugeuka matone hewa inapopoa.

Katika gereji, matone hayo huharibu rangi ya gari. Hospitalini hasara ni kubwa zaidi. Mitambo ya oksijeni hutumia punje za zeolaiti kunasa naitrojeni, nazo huvutiwa zaidi na maji. Zikilowa, mgonjwa hupata oksijeni hafifu ilhali mashine inanguruma kama kawaida.

Ndiyo maana hewa hupitishwa kwanza kwenye kikaushi. Silika jeli, ile ya vipakiti vya masanduku ya viatu, hubeba maji mengi na hurejeshwa kwa joto la nyuzi 120 hadi 150 tu, ila punje zake hupasuka zikipatwa na matone. Alumina huyastahimili. Zeolaiti hukausha kuliko zote, lakini kuirejesha hudai nyuzi 200 hadi 300, yaani umeme mwingi.

Kwa kawaida matangi huwa mawili, moja likifanya kazi wakati jingine linakaushwa. Chujio la mafuta liwekwe kabla ya kikaushi, kwani punje zilizoingiwa na mafuta ya kompresa hazifai tena. Hutupwa na kununuliwa mpya.