Makombo Yanaliwa na Nani?

Jiko la Uchagani lenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, halihitaji pipa la mabaki ya chakula. Maganda ya ndizi yanakwenda kwa ng'ombe bandani, machicha ya mbege, pombe ya ndizi, yanafuata, na mbuzi hamalizi siku bila mgawo wake. Samadi inarudi kwenye shina la mgomba, na mgomba unarudi jikoni. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza mfumo huo, kwa mfano wa Shimbwe Juu mkoani Kilimanjaro, katika urithi wa kilimo wa dunia. Pwani nako, ukimwaga machicha ya nazi uani, kuku hawakawii.

Korea Kusini imepita njia ya sheria. Tangu 2005 ni marufuku kufukia mabaki ya chakula damponi moja kwa moja, na 2013 kaya zikaanza kulipia kadiri zinavyotupa. Kwenye maghorofa mengi kuna pipa lenye mzani: mkazi anagusisha kadi, kifuniko kinafunguka, anamimina, uzito unasomwa na deni linaandikwa. Kwa hiyo watu hukamua kwanza maji na mchuzi, maana nani alipie maji? Leo zaidi ya asilimia 90 ya mabaki hayo hugeuzwa kuwa chakula cha mifugo, mboji au gesi.

Kinachonivutia zaidi ni orodha ya visivyoruhusiwa ndani ya pipa hilo: mifupa, maganda ya mayai, kokwa za matunda, hata maganda makavu ya vitunguu. Kipimo wanachofundishwa wakazi ni kujiuliza kama mnyama anaweza kukila kitu hicho. Bibi wa Machame, kule Uchagani, hahitaji kusomewa kanuni hiyo.

Ila bibi anamjua mlaji wake. Akimpa ng'ombe kitu kibaya, maziwa ya kesho yatamwambia. Mkazi wa Seoul hamwoni mlaji, na chumvi ya supu na kachumbari zake inawasumbua watengenezaji wa chakula cha mifugo na mboji. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia nchini humo 2019, serikali ililazimika kubana ulishaji wa makombo. Uingereza ilikuwa imeupiga marufuku tangu 2001, baada ya ugonjwa wa miguu na midomo kuhusishwa na shamba lililolisha nguruwe makombo yasiyochemshwa. Wafugaji wetu wanaochukua makombo ya hotelini wayachemshe kwanza. Mazoea hayaui virusi.

Sisi wa mijini tumebaki katikati, hatuna ng'ombe wala mzani. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa 2001, na malori yakaendelea kumwaga. Hata hivyo siungi mkono kuanza na tozo ya kilo: mtu atasubiri giza liingie, amwage mtaroni. Atafutwe mlaji kwanza. Yupo mfugaji, na siku hizi wapo funza wa nzi askari weusi, wanaofugwa kwa taka hizohizo kisha huwa chakula cha kuku na samaki.

Halmashauri zianzie sokoni na kwa mama lishe, ambako maganda na mboga zilizonyauka hutoka kwa wingi kabla hazijachanganyika na nailoni. Nawe msomaji, weka ndoo ya pili jikoni, yenye kifuniko, ya chakula peke yake. Chakula kikishachanganyika na vipande vya chupa na betri, hakuna mnyama wa kupewa.